Habari za Nyumbani: Barua za Emma na Charles Darwin

1. Utangulizi

Muhula uliopita nilipeleka pendekezo la kazi yangu ya mwisho wa masomo. Nilitaka kuchunguza ujumbe wa sauti ambao mama yangu, anayeishi Lubumbashi, humtumia baba yangu, anayefanya kazi bandarini Kalemie. Mmoja wa waliolisoma alinirudishia karatasi ikiwa na neno moja pembeni: "Umbea." Nilimwelewa. Mke anamwambia mume kwamba mtoto amekohoa usiku, kwamba unga umepanda bei, kwamba jirani amehama. Je, hayo ni data ya isimu?

Swali ni la haki, na linastahili jibu refu kuliko hasira. Ndiyo maana niliacha simu ya mama kwanza, nikatafuta mahali ambapo habari za namna hiyo zilihifadhiwa kwa maandishi, na wataalamu wakazisoma kwa miaka mingi bila mtu kuzidharau. Nilizipata Uingereza, katika enzi ya Malkia Victoria (1837–1901), ndani ya nyumba ya mtu ambaye wengi wetu tunamjua kwa jambo jingine kabisa: Charles Darwin, mwandishi wa nadharia ya uteuzi asilia. Barua alizoandikiana na mkewe Emma hazizungumzii sana nadharia hiyo. Zinazungumzia matumbo, usingizi, watoto, hali ya hewa na wageni.

Katika makala hii nitaeleza barua hizo hufanya kazi gani kama lugha. Sitanukuu, nitaeleza yaliyomo kwa maneno yangu, na mara kwa mara nitaonyesha shida niliyoipata nilipojaribu kuzigeuza kwa Kiswahili, kwa sababu shida hiyo ndiyo iliyonifundisha zaidi. Hoja yangu ni kwamba habari ndogo za nyumbani ni kazi ngumu ya lugha. Kwa kuzitumia, watu wawili walio mbali huendelea kuishi katika chumba kimoja.

2. Watu wawili, ukoo mmoja

Emma Wedgwood alizaliwa mwaka 1808, Charles Darwin mwaka 1809. Walioana tarehe 29 Januari 1839. Walikuwa mtu na binamu yake: mama yake Charles alikuwa dada wa baba yake Emma, kwa hiyo Emma alikuwa binti wa mjomba. Mwezi Septemba 1842 walihamia kijiji cha Downe, katika jimbo la Kent, kilomita 25 hivi kutoka London, katika nyumba iitwayo Down House. Hapo waliishi mpaka Charles alipofariki mwaka 1882. Walizaa watoto kumi. Saba walifikia utu uzima.

Jambo la ukoo si la pembeni kwa mwanaisimu. Mke na mume wa kawaida huleta nyumbani koo mbili, na kila mmoja hulazimika kumweleza mwenzake nani ni nani. Kwa Emma na Charles, mjomba wa mmoja alikuwa baba wa mwingine. Charles alipoandika kutoka Shrewsbury, kwa baba yake, habari zilizotoka huko zilikuwa za Emma pia. Ujuzi wa pamoja, yaani yale ambayo msemaji hana haja ya kuyasema kwa kuwa msikilizaji anayajua tayari, ulikuwa mkubwa tangu siku ya kwanza.

Wala hawakuandikiana tu walipokuwa mbali. Mwanzoni mwa ndoa, Emma alimwandikia mumewe barua kuhusu imani, kwa kuwa alihofu kwamba uchunguzi wa sayansi ungempeleka Charles mbali na dini. Walikuwa chini ya paa moja, lakini jambo hilo lilikuwa zito kulisema kwa mdomo. Charles aliitunza barua ile, na baadaye akaongeza chini yake kwa mkono wake kwamba ameibusu na kuililia mara nyingi. Tarehe 5 Julai 1844 yeye naye alimwandikia Emma barua ya kufunguliwa iwapo angekufa ghafla: atenge pauni 400 ili muhtasari wa nadharia yake uchapishwe. Kwa hiyo tusidhani kwamba barua ni badala tu ya mazungumzo. Yako maneno ambayo mdomo huyakataa na karatasi huyapokea.

3. Posta ya senti moja

Ili habari ndogo ziandikwe, lazima kuziandika kuwe rahisi. Kabla ya 1840, posta ya Uingereza ilitoza kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, na mara nyingi aliyelipa alikuwa mpokeaji. Katika hali hiyo mtu hufikiri mara mbili kabla ya kumlipisha ndugu yake fedha ili asome kwamba kuku wanataga vizuri.

Tarehe 10 Januari 1840, kwa mpango uliopiganiwa na Rowland Hill, bei ikawa peni moja kwa barua nyepesi, popote nchini, ikilipwa na mtumaji. Mwezi Mei mwaka huohuo ikaanza kutumika stempu ya kwanza ya kubandika duniani. Barua zilizopita katika posta zilikuwa karibu milioni 76 mwaka 1839. Mwaka 1840 zilifika karibu milioni 169.

Emma na Charles walikuwa wameoana mwaka mmoja tu kabla ya badiliko hilo. Karibu ndoa yao yote iliishi ndani ya posta ya bei nafuu, nao waliitumia jinsi sisi tunavyotumia uniti za simu: bei ikishuka, ukubwa wa jambo linalostahili kusemwa hushuka pia. Habari ndogo ina historia yake ya uchumi.

4. Wanasema nini?

Nikizipanga habari zinazopita kati ya wawili hawa, napata mafungu manne yanayorudi tena na tena.

Kwanza ni mwili. Charles aliugua kwa miaka mingi. Tumbo na kutapika vilimsumbua kiasi cha kumfungia nyumbani. Katika barua zake kwa Emma anaeleza usiku ulivyopita, alichokula, kilichokaa tumboni na kilichorudi. Pili ni watoto: nani ana homa, nani amesema neno la kuchekesha. Tatu ni ndugu na wageni. Nne ni mahali alipo mwandishi: bustani, mvua, matembezi. Mwezi Aprili 1858, akiwa Moor Park kwa tiba ya maji, Charles alimwandikia Emma kwamba alitembea, akalala usingizi kwenye majani, akaamshwa na ndege wakiimba na kuwaona kindi wakipanda miti, na kwamba kwa muda ule hakujali hata kidogo jinsi wanyama na ndege hao walivyoumbwa. Aliandika hivyo mwaka mmoja na nusu kabla ya kuchapisha kitabu chake kikubwa. Sidhani kama maneno hayo angeyaandika kwa mtu mwingine kwa wepesi ule.

Bronisław Malinowski, katika insha ya mwaka 1923, alieleza kwamba kuna maneno ambayo kazi yake ni kufunga watu pamoja, wala si kupasha habari. Salamu ni mfano wake mzuri, nasi tunaozungumza Kiswahili tunaujua vizuri: "Habari za nyumbani?" – "Nzuri." Hakuna aliyepashwa kitu. Nilipoanza nilidhani barua hizi ni za aina hiyo. Nilikosea. Emma hasemi "tuko wazima" na kuishia hapo. Anataja mtoto, siku, chakula. Ni habari kwelikweli, inayoweza kuwa kweli au uongo, na papo hapo inafunga. Malinowski alitenganisha kazi mbili ambazo hapa zinakwenda pamoja, na ukiuliza ipi inaibeba nyenzake, jibu ni kwamba udogo wa jambo ndio unaofunga. Habari kubwa humwambia kila mtu. Habari ya kijiko kimoja cha uji humwambia mmoja tu.

5. Kuitana

Majina yanayotumika ndani ya barua ni uwanja mwingine. Watoto wana majina ya nyumbani: William, kifungua mimba, aliitwa Doddy alipokuwa mdogo; Henrietta ni Etty; Leonard ni Lenny. Msomaji wa nje huhitaji maelezo ya mhariri, Emma hakuyahitaji.

Lakini jina lililonisimamisha katika tafsiri ni lile ambalo Charles alimpa mkewe. Katika barua zake kadhaa anamwita "Mammy", neno ambalo mtoto humwitia mama. Mwenzangu mmoja wa promosyo alicheka: mwanamume mzima, mwanasayansi, anamwita mkewe mama? Nikamwuliza baba yake humwitaje mama yake. Akanyamaza, kisha akacheka tena, safari hii kwa ajili yake mwenyewe. Kwetu mke na mume wenye watoto huitana kwa mtoto: Mama Fulani, Baba Fulani, na mara nyingi jina la mtoto huanguka likabaki "mama" tupu. Njia ni ileile: mtu anachukua jina la mwenzake kutoka kinywani mwa mtoto.

Hata hivyo hayalingani kabisa, na tofauti inafaa kuangaliwa. "Mama Fulani" ya kwetu ni ya heshima na ya hadharani. Mume humwita mkewe hivyo mbele ya wageni. "Mammy" ya Charles ni ya faraghani, na huonekana hasa anapougua. Mwaka 1848, akiwa Shrewsbury na hali yake mbaya, alimwandikia kwamba bila yeye hujihisi mkiwa anapougua, na kwamba anatamani kuwa chini ya ulinzi wake. Neno linamweka yeye upande wa watoto, na mke upande wa mlezi. Katika tafsiri niliandika "mama" bila jina la mtoto. Nadhani ndiyo iliyo karibu zaidi, ingawa imepoteza utoto wa neno lile.

6. "Sasa" ya nani?

Nafika sasa kwenye kiini. Karl Bühler, mwaka 1934, alieleza kwamba kila usemi una kitovu chake: mimi, hapa, sasa. Ana kwa ana, msemaji na msikilizaji wana "sasa" moja. Charles Fillmore, katika mihadhara yake ya mwaka 1971, alitenganisha wakati wa kusema na wakati wa kupokea, nyakati mbili ambazo barua huzitenga. Waroma walilijua tatizo hili. Katika barua za Kilatini mwandishi aliweza kutumia wakati uliopita kwa jambo linalotokea anapoandika, kwa kuwa msomaji atakapolisoma litakuwa limepita.

Kiingereza cha Emma na Charles hakifanyi hivyo, wala Kiswahili. Tunaandika "ninaandika", au kama tunavyosema mjini Lubumbashi "niko naandika", na tunamwachia msomaji hesabu. Katika siku za kawaida hesabu hiyo haina uzito. Nani atajali kama mvua aliyoandikiwa jana imekwisha kunyesha? Lakini liko juma moja katika maisha ya wawili hawa ambapo kila wakati wa kitenzi ulikuwa na uzito wake. Nitalieleza kwa urefu.

7. Aprili 1851

Annie, binti yao wa kwanza, alizaliwa tarehe 2 Machi 1841. Mwaka 1850 afya yake ilianza kuzorota. Mwezi Machi 1851 Charles alimpeleka Malvern, mji wa magharibi ambapo daktari James Gully alitibu kwa maji, akamwacha huko na mdogo wake Etty, yaya, na mwalimu wa nyumbani. Katikati ya Aprili Annie alishikwa na homa na kutapika vikali. Charles akaitwa, alifika Malvern Alhamisi tarehe 17 Aprili. Emma alibaki Down. Alikuwa na mimba kubwa, wala hangeweza kusafiri. Horace alizaliwa tarehe 13 Mei. Kati ya mama na mwanawe palikuwa na karibu kilomita 200, na barua ya Malvern kwa kawaida ilimfikia siku iliyofuata.

Charles akaandika kila siku. Hakungoja jioni ili atoe muhtasari: aliandika vipande, saa hii hiki, saa ile kile. Alitaja mapigo ya moyo, kutapika, vijiko vya uji, usingizi, maneno machache ambayo mtoto aliyasema. Annie, hata katika udhaifu ule, alisema asante kwa adabu alipopewa maji, na baba yake aliliandika hilo.

Hapa ndipo tafsiri iliponipa kazi. Saa zilikuwa jambo la kwanza: saa kumi ya Kiingereza asubuhi ni saa nne yetu, na nilibadilisha zote, maana bila saa barua hizo hazieleweki. Jambo la pili lilikuwa kitenzi. Kusema kwamba mtoto hakupata kutapika, Kiswahili kinanitaka nichague. "Hakutapika" ni jambo lililofungwa: usiku umekwisha, nao ulipita salama. "Hajatapika" ni jambo lililo wazi: mpaka sasa hapana, lakini tunangoja. Katika -ja- ya ukanushi mna matarajio, na ndani ya chumba cha mgonjwa matarajio hayo ni hofu. Nilijikuta nikimpa Charles "hajatapika" karibu kila mahali, kwa kuwa alikuwa akiandika akiwa ndani ya kungoja.

Sasa mfikirie Emma anaposoma "hajatapika" siku inayofuata. Kitenzi kilichoachwa wazi Malvern kimekwisha kufungwa huko, kwa heri au kwa shari, naye hajui. Anasoma "sasa" iliyokufa kana kwamba iko hai. Kila barua ya tumaini ilipofika, tumaini hilo lilikuwa na umri wa siku moja.

Kama habari hizo zilichakaa njiani, zilikuwa na faida gani? Jibu amelitoa Emma mwenyewe. Katikati ya siku zile ilipatikana nafuu kidogo, na Charles aliandika kwamba wamempangusa Annie mwili kwa maji na siki, ikamburudisha. Emma alijibu kwamba maelezo yale madogomadogo ni faraja kubwa kwake, na kwamba kumpangusa mtoto kulimfurahisha yeye sawasawa na mumewe. Liangalie tendo hilo. Emma hakuwapo. Mikono iliyoshika kitambaa ilikuwa ya wengine: Charles, na shemeji yao Fanny Wedgwood, aliyekuja kusaidia. Lakini Emma anasema amefurahia kupangusa, si kwamba amefurahi kusikia kuwa mtoto amepanguswa. Maelezo yalikuwa madogo kiasi cha kutosha kumpa mahali pa kusimama kando ya kitanda.

Muhtasari usingefanya kazi hiyo. "Hali yake ni afadhali kidogo" ni habari sahihi, na inachakaa njiani kama nyingine. Lakini maji, siki na kitambaa havichakai. Mama anajua ngozi ile, anajua mtoto wake hupokeaje ubaridi. Charles alitoa vitu, Emma akatia mwili wa mtoto kutoka katika kumbukumbu yake, na chumba kikajengwa na wawili. Huo ndio ujuzi wa pamoja unapofanya kazi yake kubwa kuliko zote. Charles naye alipata kitu: alimwambia mkewe kwamba kumwandikia kunampa nafuu, maana wakati wa kuandika anaweza kulia kwa utulivu.

8. Kimya

Annie alifariki Jumatano tarehe 23 Aprili 1851, saa sita mchana, akiwa na umri wa miaka kumi. Siku hiyohiyo Charles alimwandikia Emma. Barua ni fupi kuliko zile za siku za nyuma. Saa zimetoweka, isipokuwa ile moja. Na nafsi imebadilika. Katika barua za kando ya kitanda, "sisi" walikuwa wale waliomhudumia mtoto pale Malvern. Katika barua hii, "sisi" ni mke na mume: anamwambia kwamba tangu sasa inabidi kila mmoja awe mengi zaidi kwa mwenzake. Kiswahili, kama Kiingereza, hakina nafsi mbili tofauti kwa "sisi pamoja nawe" na "sisi bila wewe". Muktadha tu ndio unaoonyesha kwamba Emma ameingizwa ndani ya "sisi".

Tarehe 24 Emma naye aliandika. Anasema alijua vizuri mno maana ya kutopata ujumbe wowote siku iliyotangulia. Mpaka saa kumi alasiri wazo la tumaini lilimjia mara mojamoja. Alipokwenda kulala alihisi kana kwamba yote yametokea zamani sana.

Naomba wenzangu wa pragmatiki watazame hilo. Kimya kina maana pale tu palipokuwa na mazoea ya kusema. Mtu anayeandika mara moja kwa mwezi hawezi kusema jambo kwa kutoandika siku moja. Charles alikuwa amemzoesha mkewe habari za kila siku na kila saa, hata vijiko, na kwa hiyo siku moja bila neno ikasomeka kama sentensi kamili. Na wakati wa sentensi hiyo ambayo haikuandikwa, Emma aliutaja: zamani sana. Kwa juma zima alikuwa nyuma ya matukio kwa siku moja. Usiku ule aliyapita.

Nyumbani kwetu tuliwahi kuonja kitu cha namna hiyo, kidogo. Miaka miwili iliyopita mdogo wangu alilazwa kwa malaria, na mama akawa anamtumia baba sauti mchana na usiku: amekunywa, amejisaidia, ameuliza habari za mpira. Mtandao ukakatika kwa siku mbili. Baba alituambia baadaye kwamba hakula siku hizo, na kwamba alizisikiliza sauti za zamani upya ili kujua kama kuna kitu alichokipita. Mdogo wangu alipona. Lakini tangu hapo najua kwa nini mtu husikiliza mara tano ujumbe unaosema tu kwamba mtoto amekunywa chai.

9. Barua zimetufikiaje?

Charles aliondoka Malvern kabla ya maziko ili awe na Emma. Annie alizikwa huko, katika uwanja wa kanisa. Barua zikabaki. Henrietta, yule Etty aliyekuwa Malvern na dada yake, ndiye aliyekusanya baadaye barua za mama yake, akazichapa mwaka 1904 kwa ajili ya watu wa nyumbani, kisha mwaka 1915 kwa wasomaji wote. Mwaka 1974 ulianzishwa mradi wa kuchapisha barua zote za Darwin, zile alizotuma na zile alizopokea. Mkusanyo huo una barua zaidi ya 15,000 katika majuzuu 30. Barua za Aprili 1851 zimo humo, vijiko na vyote, pamoja na barua za kisayansi. Wahariri hawakuzitenga.

10. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha mambo matatu. Habari ndogo za nyumbani hutegemea njia ya kuzipeleka. Peni moja ya mwaka 1840 iliongeza kinachosemeka kati ya mke na mume. Habari hizo zina sarufi yake, hasa katika wakati na nafsi, na Kiswahili chenye -ja- yake kinaidhihirisha kuliko lugha iliyoandikiwa. Na udogo wake una kazi: unampa aliye mbali vitu vya kujengea chumba, na mazoea yake hukipa kimya uwezo wa kusema.

Kwa wanafunzi wenzangu wanaotafuta data, nashauri hivi. Ujumbe wa sauti wa familia zetu hufutwa kila simu inapojaa, na mara nyingi hakuna Henrietta wa kuutunza. Anayetaka kuuchunguza autunze pamoja na saa ya kutumwa na saa ya kusikilizwa, maana pengo kati ya saa hizo mbili ndiyo nusu ya maana. Aombe ruhusa ya pande zote mbili, si ya mama peke yake wala ya baba peke yake. Na asisafishe kikohozi, watoto wanaoingilia kati, wala sufuria zinazolia nyuma.

Pendekezo langu nimeliandika upya na kulirudisha. Nilipomwomba mama ruhusa alishangaa: "Sasa mule utasoma nini? Si ni habari tu za hapa nyumbani." Baba, kutoka Kalemie, alikubali kwa sharti moja: nisifute chochote kabla yeye hajakisikiliza tena.